Mama Kadidja na bega lisiloguswa

Mama Kadidja binti Yakubu alikuwa mkandaji wa Mangobo, mtaa mmoja wa Kisangani, kwa miaka isiyopungua thelathini. Yeye mwenyewe hakuwahi kuihesabu. Nimeipata kwa kuanzia mwaka 1931, alipoolewa, kisha mama mkwe wake akamweka mbele ya mgongo wa kwanza, akamwambia abonyeze mpaka mwenye mgongo anyamaze. Ukoo wake ulikuwa wa Waungwana wa Kisangani, wale ambao mababu zao waliingia na misafara ya pembe kabla Wabeleji hawajaja. Wanaume wa ukoo huo wengi walikuwa mafundi cherehani. Wanawake walijua miili.

Kazi yake ilikuwa ya namna nyingi. Asubuhi alikwenda kwa wanawake waliojifungua: maji ya moto yenye majani, kitambaa kizito kilichokamuliwa, tumbo likikandwa kutoka chini kwenda juu na kufungwa kwa kikwembe, kitenge cha kujifunga, hivyo kila siku mpaka zitimie arobaini. Mtoto naye alichuliwa, mguu wa kulia ukipelekwa kukutana na mkono wa kushoto, mpaka apige chafya. Mchana walikuja wapakizi wa bandarini, wenye migongo migumu kama mbao. Hao hakuwakanda kwa mikono. Alipanda juu yao akawakanyaga kwa visigino, huku ameshika kamba iliyofungwa kwenye boriti ya paa ili asiwaelemee. Kabla ya harusi alimsinga bibi harusi siku saba kwa mafuta ya mbegu za mchikichi yaliyochemshwa na karafuu. Na wavuvi wa Wagenia walimletea mabega. Pale kwenye maporomoko ya mto, maji huvuta kikapu cha kunasia samaki upande mmoja na mwanamume huvuta upande wa pili, na mara nyingine mfupa hufuata maji.

Siku ya dipanda, yaani uhuru, mwaka 1960, wanawake wa avenue yetu walicheza mpaka miguu ikavimba. Kesho yake Mama Kadidja alichua miguu kumi na tisa. Mwanamke mmoja alikataa kutoa wa pili. “Huu haukucheza,” alisema. “Ulikuwa unaangalia tu.”

Mwezi wa nane 1964, waasi walipouchukua mji, mke wangu Georgette alikuwa karibu kujifungua. Mimi, Nicolas, nilikuwa karani wa posta, na Simba, ndivyo waasi wale walivyojiita, walikuwa wakiwatafuta makarani nyumba kwa nyumba. Nilikimbilia kwa wajomba zangu upande wa Yanonge. Georgette hakuweza safari ya mtumbwi. Mama Kadidja, jirani yetu na mjane, akamweka katika chumba chake cha nyuma na kusema kwa kila aliyeuliza kwamba ni binti yake. Mtoto alizaliwa humo tarehe 28 Septemba. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa wanawake hao wawili. Nimeyalinganisha, na pale wasipopatana nitasema.

Jumatano tarehe 7 Oktoba, saa nane mchana, Simba mmoja alisimama mlangoni. Alikuwa na kipande cha ngozi ya mnyama kichwani, bunduki mgongoni na panga kiunoni. Jina lake, walikuja kulijua baadaye, lilikuwa Timothée.

“We njo mama ya kukanda?”

“Njo mi, papa.”

“Ya kurudisha mifupa?”

“Mufupa gani, papa?”

“Utaiona kule. Chukua vitu yako.”

Nyuma ya ukuta Georgette alimwekea mtoto ziwa mdomoni ili asilie. Alisikia kikapu kikichukuliwa kutoka kwenye msumari, kisha mlango. Hakusikia neno la kuaga, na hilo lilimtisha kuliko bunduki.

Kikapuni mlikuwa na vitambaa viwili na chupa ya mafuta. Karafuu zilikuwa zimekwisha sokoni, mafuta ya mbegu pia, kwa hiyo chupa ilikuwa na mawese, yale mekundu ya kupikia pondu, majani ya mihogo.

Njiani Timothée alitembea hatua tatu pembeni yake.

“Usinikaribie,” alisema. “Kikwembe yako ikinigusa tu, nakukata.”

Mama Kadidja hakuhitaji kuambiwa. Kila mtoto wa Mangobo alijua sharti lile. Simba aliyepitia dawa haguswi na mtu ambaye hakuipitia, zaidi sana mwanamke. Akiguswa, dawa inakufa mwilini mwake, na risasi ambayo ingegeuka maji inabaki risasi. Wiki mbili kabla, muuza pondu mmoja aliteleza kwenye tope la soko akashika mkono wa Simba asianguke. Hakutoka pale sokoni akiwa hai. Mama Kadidja aliwahi kumchua yule mama magoti.

Sasa alitembea akijiuliza jambo moja tu: mkandaji anaitiwa nini kwa watu wasioguswa?

Walifika kwenye nyumba ya Mzungu mmoja aliyekimbia, katikati ya mji. Sebuleni mlikuwa na meza ndefu ya kulia chakula na saa kubwa ya ukutani iliyokuwa bado inatembea. Kijana mmoja alikaa kitini, kifua wazi, ameshika kiwiko chake cha kushoto kwa mkono wa kulia. Huyo ndiye Kapiteni Wenceslas, mtu wa Opala, ambaye hakuzidi miaka ishirini na sita. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Bega la kushoto lilikuwa limeporomoka, na mbele, chini ya mtulinga, kulikuwa na uvimbe wa duara. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimetoka mahali pake. Mama Kadidja aliona hayo yote kabla hajavuka kizingiti.

Na hapo ndipo alipofanya kosa lake la kwanza. Kabla hajasalimia, mkono wake ulikwisha fungua chupa. Alimimina mawese kiganjani, akasugua viganja viwili pamoja, akasema bismillahi. Miaka thelathini na mitatu alikuwa akifanya hivyo kila anapoona mwili unaouma.

“Mikono nyuma!” Timothée alipiga kelele, na bunduki ikashuka kutoka mgongoni.

Mama Kadidja alijifuta haraka kwenye kikwembe, akaweka mikono nyuma.  

“Mama,” alisema Kapiteni kwa sauti ya chini, maana kila neno lilimuuma begani, “nilianguka kwa camion yenye kukimbia. Iko siku tatu. Utarudisha hii mufupa. Lakini haunigusi.”

“Papa, mi natumika na mikono.”

“Leo utatumika na mudomo.”

Timothée alicheka. “Bamama ya Mangobo, mudomo hawakosi.”

“Na kitambaa katikati, papa? Niguse juu ya kitambaa?”

“Kitambaa iko sawa na ngozi.”

“Na fimbo?”

“Fimbo iko kwa mukono ya nani?” alisema Timothée. “We mama, unatafuta mulango ya kutokea. Hakuna.”

“Na kama sitaweza?”

Kapiteni alitazama pembeni. Timothée ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa. “Nyuma ya nyumba kuko bustani, mama. Jana kuko fundi ya redio, alisema hataweza. Tulimupeleka kule. Anapumuzika.”

Mama Kadidja aliniambia kwamba wakati ule hakuweza kufikiri. Alisikia saa ya ukutani ikigonga.  Alimfikiria Georgette na mtoto kule nyuma ya ukuta, na kwamba wakimuua wataenda kupekua nyumba yake. Kisha, kwa sababu hakuweza kuyatazama macho ya wale wawili, alilitazama lile bega. Bega alilijua.

Ndipo akamkumbuka mvuvi mmoja wa Wagenia aliyeitwa Daudi. Mwaka mmoja wenzake walimleta amelala kifudifudi kwenye mtumbwi, mkono ukining'inia nje, na kikapu chake kizito chenye maji bado kimefungwa kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa kamba ilikuwa imekaza na hakuna aliyekuwa na kisu. Mama Kadidja alikwenda kuchemsha maji kwanza. Aliporudi ufukweni, Daudi alikuwa anakohoa na kucheka: kikapu kilikuwa kimevuta polepole, nyama ya bega ikachoka kushindana nacho, na mfupa ukarudi wenyewe. Hakuna aliyekuwa amemgusa.

“Kapiteni,” alisema, “panda kwa meza. Lala, tumbo chini. Mukono ya mugonjwa itoke inje, ianguke chini.”

“Nani atamusaidia kupanda?” aliuliza Timothée.

“We, papa. We uko na dawa. Leo mikono yako njo itakuwa mikono yangu.”

Jambo hilo halikumfurahisha Timothée, lakini alilifanya. Kapiteni alilala juu ya meza, shavu kwenye mbao, akiuma midomo. Mama Kadidja alisimama karibu na ukuta, mikono bado nyuma, akaelekeza. Ndoo ya jikoni. Mchanga wa uani, nusu tu. Kitambaa kimoja kizungushwe juu ya kifundo cha mkono, mara tatu, kisibane damu, kisha ndoo ifungwe hapo.

“Si hivyo, papa. Hiyo iko fundo ya mbuzi.”

“Fundo iko fundo.”

“Hii itakaza, vidole vitakufa. Funga ile ya kufunga mutoto mugongoni.”

“Mi nilifungaka mutoto lini?”

“Alikuita muchunga mbuzi, na haujui hata mbuzi,” alisema Kapiteni, shavu likiwa bado kwenye meza. Alijaribu kucheka, ikawa sauti ya maumivu.

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika kumi ndoo ilipoachiwa. Kapiteni alipiga ukelele mmoja. Timothée aligeuza bunduki mara moja.

“Iache ivute!” Mama Kadidja alisema, na hata yeye alishangaa sauti yake. “Kapiteni, pumua. Tumbo, si kifua. Hii mukono si yako tena. Ni ya ndoo. Ulimupa ndoo. Usimunyanganye.”

Aliendelea kumsemesha hivyo, kama anavyomsemesha mzazi wa mara ya kwanza. Kwa kawaida maneno yale huenda pamoja na viganja, kila neno na mkandamizo wake. Sasa yalikwenda peke yake, na nyuma ya mgongo vidole vyake vilikuwa vikikandana vyenyewe. Alitazama msuli mmoja baada ya mwingine ukilegea: ule wa shingoni kwanza, kisha ule wa juu ya bega, kisha ule mpana chini ya kwapa, ambao ni mkaidi. Kapiteni hakuwa amelala kwa siku tatu. Saa kumi na nusu alianza kukoroma.

“Amekufa?” Timothée alinong'ona.

“Amelala. Ongeza muchanga. Kidogo, sufuria moja tu.”

Timothée alimtazama, akatazama mlango, akamtazama tena. “Mikono nyuma,” alisema. “Mi nahesabu vidole yako nikirudi.” Akachukua sufuria akatoka kwenda uani.

Mama Kadidja alibaki peke yake na lile bega. Aliona kichwa cha mfupa kikisogea chini ya ngozi, kikafika kwenye ukingo wa mahali pake, kikasimama. Kilikosa upana wa ukucha. Alijua pia kwamba ukingoni hapo mfupa haukai muda mrefu: mwenye bega akiamka kwa maumivu, misuli itakaza na kuuvuta nyuma, na safari ya pili bega halitakubali.

Hakuamua. Hilo aliniambia mara nyingi, akinionyesha mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alisogea hatua mbili, na kidole gumba kikaenda nyuma ya bega, chini ya mfupa bapa, kikasukuma mara moja. Tok.

Kapiteni alifungua macho.

Alikuwa amelala vile vile, shavu mezani, na jicho moja likimtazama. Mama Kadidja alirudi nyuma mpaka ukutani. Uani ilisikika sufuria ikikwangua mchanga.

“Umenigusa,” alisema Kapiteni.

Na hapo Mama Kadidja akaona. Nyuma ya bega, juu ya ngozi iliyolowa jasho, kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyekundu ya mawese, imekaa wazi kama muhuri wa posta. Kapiteni hakuweza kuiona. Timothée angeiona akivuka tu kizingiti.

Angeweza kukana. Neno “hapana” lilikuwa tayari mdomoni. Lakini hatua zilianza kurudi, na aliona kwamba katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye angeweza kuificha alama ile, naye ni mwenye mgongo.

“Nimekugusa, papa,” alinong'ona. “Mukono ilienda yenyewe. Kuko alama kwa mugongo yako. Nyekundu. Mwenzako ataiona.”

Jicho lile moja lilibaki bila kupepesa. Mama Kadidja alihesabu hatua za Timothée kwenye ngazi ya nje: moja, mbili, tatu. Kisha Kapiteni, kwa mkono wake wa kulia, alivuta fundo la kitambaa, ndoo ikaanguka na kumwaga mchanga, naye akajipindua akalala chali.

Timothée aliingia mbio. “Ginsi gani? Nini iko?”

“Imeingia,” alisema Kapiteni.

“Yenyewe?”

“Yenyewe.”

Timothée aliweka sufuria chini polepole. Alimkaribia Mama Kadidja mpaka hatua tatu, zile zile tatu. “Onesha mikono.”

Alionyesha. Viganja vilikuwa vyekundu.

“Mafuta.”

“Ni ile ya mwanzo, papa. Uliniona nikipakaa. Uliniambia nyuma, nikaweka nyuma.”

“Kidole gumba iko kavu. Kuliko ingine.”

 Mama Kadidja aliniambia kwamba kama angefungua mdomo wakati ule, angelia.

“Kapiteni,” Timothée alisema, “ukae kidogo, nikuangalie mugongo. Juu ya usalama tu.”

“We njo munganga ya dawa yangu?”

“Hapana, Kapiteni, lakini—”

“Alors? Nimepata usingizi mara ya kwanza tangu ile Dimanche nilianguka, na we unataka nikae. Rudisha huyu mama kwake. Asiguswe njiani.” Akafumba macho. Mgongo wake ulibaki umebanwa kwenye meza.

Walirudi Mangobo, hatua tatu kati yao. Kwenye kona ya avenue Timothée alisimama.

“Mama, mi si mujinga. Kapiteni akienda kwa vita na akarudi, bon. Akianguka, nitajua ilianzia wapi. Na nyumba yako najua.”

Siku tisa zilizofuata Georgette anazikumbuka kuliko Mama Kadidja mwenyewe. Anasema Mama hakula ila uji. Wapakizi walikuja na migongo yao, akawaambia mikono inaumwa. Kila camion iliyopita barabarani ilimfanya asimame katikati ya chumba, akisikiliza kama inapunguza mwendo. Jambo lililomwogopesha zaidi aliniambia baadaye. Simba aliyeguswa alipaswa kurudi kwa mganga wa dawa kunawishwa upya, na mganga huuliza kwanza: nani alikugusa? Kapiteni akitaka dawa yake irudi, itabidi amtaje Mama Kadidja. Na nani angeenda vitani bila dawa kwa ajili ya mkandaji wa Mangobo? Alikaa akimngoja huyo Kapiteni aseme.

Ijumaa tarehe 16, asubuhi, camion iliyojaa Simba ilipunguza mwendo, ikasimama. Mama Kadidja anasema Kapiteni aliingia bila kubisha. Georgette anasema alibisha mara mbili. Wote wanakubaliana kwamba alikuwa peke yake, kwamba Timothée alibaki kwenye ua akitazama mlango, na kwamba Kapiteni aliufunga nyuma yake.

Alisimama karibu na mlango, koti limefungwa mpaka shingoni. Kwenye chumba cha nyuma mtoto akalia.

“Mutoto ya nani?”

“Ya binti yangu, papa. Iko na siku kumi na nane.”

“Yeye anaguswa na kila mutu,” alisema Kapiteni. Hakuonekana anatania. Kisha akasogea. “Leo tunaenda upande ya Boende. Kule kuko risasi mingi. Mama, sikwenda kunawa.”

Mama Kadidja alitazama mlango uliofungwa.

“Nikienda, wataniuliza jina. Unajua.”

“Najua, papa.”

“Na nikimwambia munganga nililala mbele ya mwanamuke mupaka akanigusa, na mi pia sijui kama nitatoka kule. Donc, nakuuliza we. We mwenyewe njo ulinigusa. Dawa yangu, iliisha ao haikuisha?”

Jibu salama lilikuwa moja, na lilikuwa jepesi: haikuisha, papa, nenda. Angeondoka, na camion ingeondoka naye. Mama Kadidja alilifungulia mdomo. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda begani, na aliona jinsi kijana yule alivyolibeba juu kidogo, kwa hofu, kama kila mtu anayeogopa kwamba mwili wake utamsaliti tena.

“Hii bega bado wiki tatu,” alisema. “Ukianguka itatoka. Usibebe bunduki upande ya kushoto.”

“Sikuuliza bega.”

“Mi sijui dawa, papa. Wallahi sijui. Najua nyama. Nilikamata ya Bangwana, ya Bagenia, ya bamama ya Isangi, na yako. Iko moja. Ile ginsi yako ilichoka na ndoo, njo ginsi ya kila mutu inachoka.”  “Ukisikia risasi, lala chini.”

Masharti yao yalikataza kulala chini. Yalikataza hata kugeuza kichwa. Mkono wa kulia wa Kapiteni ukakaa kwenye kiuno, juu ya bastola.

“Unajua wanafanya nini mutu mwenye kusema vile?”

“Najua.”

“Na ulisema.”

“Uliniuliza, papa.”

Georgette, nyuma ya ukuta, alimfunika mtoto kwa mwili wake akangoja mlio. Badala yake alisikia mlango ukifunguliwa.

Uani Timothée aliuliza kwa sauti kubwa, “Anasema nini huyu?”

“Anasema bega bado wiki tatu.”

“Njo hiyo tu?”

“Panda kwa camion, Timothée. We na mbuzi yako.”

Wale waliokuwa juu ya gari walicheka. Injini iliwaka, gari likaondoka kuelekea mtoni, na Mama Kadidja akabaki amesimama mahali pale pale. Georgette alipotoka alimkuta ameinua mikono mbele ya kifua, vidole vimekakamaa kama vya mtu aliyeshika kamba. Havikukunjuka. Alijaribu kuvifungua kwa kuvigonga kwenye paja, vikakataa.

“Mama, kaa,” Georgette alimwambia.

“Camion imerudi?”

“Hapana. Kaa.”

Alimkalisha kwenye mkeka, akachukua ile chupa ya mawese, akamimina kiganjani. Hakuwa amefundishwa. Alifanya tu kama alivyofanyiwa yeye kila asubuhi kwa siku kumi na nane: kutoka kwenye kifundo kwenda nje, polepole, kidole kwa kidole, mpaka kiungo cha mwisho. Mama Kadidja alimwacha. Baada ya muda alisema kwamba anabonyeza vibaya, kidole gumba kiingie zaidi katikati ya kiganja, na Georgette akaingiza zaidi. Kila gari lilipopita vidole vilikaza tena, na Georgette akaanza upya kutoka kwenye kifundo.

Mkono wa kulia ulifunguka karibu na adhuhuri. Wa kushoto ulichukua mpaka jioni. Hakuna aliyekuja.